Nimesoma, nimeajiriwa, lakini bado ni mtoto wa kambini

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 29. Naishi Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na ni mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi. Nimezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge wilayani Korogwe. Babu yake mama aliletwa pale kutoka Kasulu miaka ya 1940 mwishoni, akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Mwanawe, yaani babu yangu, alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Mama naye ni kibarua hapo hapo, anaanika singa, zile nyuzi za mkonge, nje ya korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Tunakaa vyumba viwili kwenye ile mistari ya nyumba za kambi, choo cha pamoja, na nyumba yenyewe si yetu, ni ya shamba. Siku mama akishindwa kazi hatujui tutaenda wapi.

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kufika kidato cha sita na wa kwanza kupata shahada. Siku ya mahafali walikodi Noah, wakaja kumi na moja wamebanana, mama kavaa kitenge kipya. Nililia kwa furaha. Tangu siku ile, Mama, mimi ndiye benki.

Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 900,000. Ukitoa mchango wa pensheni wa NSSF, kodi na mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, ninachoshika ni 594,500. Kodi ya chumba na sebule ni 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nyumbani natuma 150,000. Hiyo ni kawaida tu, bado misiba, magonjwa, na sare za watoto wa mama mdogo.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume alivunjika mguu. Mama bila kuniambia akaingia kwenye mkopo wa kausha damu: kachukua 500,000, anarejesha 45,000 kila wiki kwa wiki kumi na sita. Alipochelewa marejesho mara mbili, akina mama wenzake wa kikundi walikuja wakabeba godoro na masufuria. Nilipopigiwa simu nikakopa kwenye programu ya mikopo ya simu ili vitu virudi. Sasa mama bado ana wiki nane za kulipa, na mimi hao wa simu wananipigia mpaka ofisini. Mdogo wangu, ambaye mguu umepona, anataka nimchukulie bodaboda ya mkataba, ile ya kumlipa mwenye pikipiki kila siku mpaka iwe yako. Anasema nimemsahau.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Nina mchumba. Kwao ni Mbezi Beach, baba yake ni mstaafu wa serikali, na kila mtoto pale amepewa kiwanja chake. Wazazi wake wanataka kuja nyumbani kujitambulisha na kuleta posa. Nilishamwambia kwetu ni Korogwe mjini. Nimefikiria kukodi nyumba nzuri pale mjini kwa siku mbili, mjomba akae kama mwenyeji, wageni wapokelewe, waondoke. Gharama nimeshapiga, ningekopa tena.

Kanisani nimeambiwa ni laana ya ukoo, inatakiwa sadaka ya kuivunja. Rafiki yangu wa kazini anasema nikate kabisa kutuma pesa kwa miaka miwili, nijijenge kwanza, ndipo niwasaidie. Mama, nifanye lipi? Kwa nini wengine wakisoma wanatoka, mimi nimesoma na bado nipo pale pale?

Binti wa Kambini,
Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hiyo laana, maana isipotoka kichwani mengine nitakayokuambia hayatashika. Ukoo wenu haujalaaniwa. Kilichowapata kina tarehe na kina watu waliokipanga, na nataka ukijue, kwa sababu naona unabeba aibu ya jambo ambalo hamkulifanya.

Mashamba ya Tanga yalihitaji mikono mingi kuliko waliokuwa tayari kukata mkonge kwa ujira uliotolewa. Ndiyo maana mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuwatafuta vibarua mbali: Kigoma, Songea, hadi Rwanda na Burundi. Kijana wa Kasulu alidaiwa kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na kwao hapakuwa na zao la kumpa fedha hiyo. Fedha ilikuwa Tanga. Babu ya mama yako akapandishwa treni na malori, akapewa namba na kipande, yaani kadi ya kazi, chenye nafasi za siku thelathini. Kazi ilipimwa kwa mafungu ya majani thelathini thelathini, na siku ambayo hukumaliza ulichopimiwa haikuandikwa. Ujira ule ulipangwa kama wa mwanamume asiye na familia, kwa hoja kwamba mke na watoto wanajilisha wenyewe kwao shambani. Aliyebaki Tanga akaoa na kuzaa, alilea watoto kwa mshahara ambao tangu mwanzo haukukusudiwa kulea mtoto.

Kisha tazama babu yako alirithi nini. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000. Babu yako alivunjika mgongo ndani ya kazi iliyokuwa inakufa. Hakuna sadaka ambayo ingeizuia nailoni. Nakuomba, mwanangu, hiyo pesa ya kuvunja laana usiitoe. Mungu umwombe, naye anakusikia bila bahasha.

Katika vizazi vyote hivyo kuna kitu kimoja ambacho familia yenu haikuwahi kukishika, nacho ni ardhi. Mkulima maskini wa Lushoto ana angalau kipande cha shamba cha kumwachia mwanawe, au cha kuuza siku mtoto akivunjika mguu. Ninyi Kasulu mliondoka, na Korogwe mmekaa miaka zaidi ya sabini juu ya ardhi ya mwenye shamba. Kwa hiyo kila dharura kwenu ni mkopo, kwa sababu hakuna cha kuuza. Mguu wa mdogo wako kwa familia ya mchumba wako ungekuwa habari ya wiki mbili. Kwenu umezaa madeni mawili na kuondoka na godoro.

Sasa nikujibu swali lako la mwisho. Wewe ni mhasibu, tupige hesabu. Mwenzako wa meza ya pili, ambaye baba yake alimlipia ada, ana mshahara wa msingi 900,000 kama wako. NSSF anakatwa 90,000 kama wewe, kodi ya mapato 80,500 kama wewe. Wewe unakatwa tena asilimia 15 ya mkopo wa Bodi, yaani 135,000. Yeye anaondoka na 729,500, wewe 594,500. Tofauti hiyo kwa mwaka ni 1,620,000, na bado hajatuma hata senti nyumbani, kwa sababu huenda kwao ndiko wanakomtumia yeye. Mnapanda daladala moja, mnakula kwa mama ntilie mmoja, na watu wanasema mko sawa. Hamko sawa. Mkopo ule ulikuwa halali na ulikufaa, silaumu Bodi, na nashukuru ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021. Lakini usijipime na mwenzako huyo halafu ukajiita mzembe.

Shirika la OECD, ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, mwaka 2018 lilipiga hesabu ya vizazi ambavyo familia ya kipato cha chini kabisa ingehitaji kufikia kipato cha wastani cha nchi yake. Denmark ni viwili. Katika nchi wanachama kwa ujumla ni kama vinne na nusu. Afrika Kusini ni tisa. Ikiwa nchi tajiri zenye shule na bima kwa kila mtu zinahesabu vizazi, wewe ulitaka kuimaliza kazi hiyo kwa miaka mitano ya ajira? Shule imekupa mshahara. Mtaji haikukupa, na mtaji ndio uliopo Mbezi Beach.

Rafiki yako anayekushauri ukate kutuma pesa miaka miwili anakutakia mema, lakini simuungi mkono. Watu waliobanana kwenye Noah ndio waliokufikisha chuoni. Na hata kwa hesabu kavu, mama yako akizidiwa hutaweza kukaa kimya, utakopa. Ukimkata leo utamlipia kesho kwa riba. Kinachokumaliza si ile 150,000, maana hiyo unaijua na unaipangia. Kinachokumaliza ni simu za saa nne usiku.

Kwa hiyo tuanze na kausha damu, kabla ya kitu kingine chochote. Mama ana wiki nane za 45,000, jumla 360,000. Kwa miezi miwili pesa yote ya nyumbani iende kwenye marejesho: ile 150,000 yako, uongeze 30,000, mwezi unatimia 180,000. Ilipe mwenyewe, moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kikundi, na kila wiki udai risiti. Mama ataishi kwa ujira wake miezi hiyo miwili. Itakuwa tabu, nalijua hilo, na itabidi umweleze mwenyewe ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie pia, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, kwamba siku nyingine akipatwa na jambo akupigie kabla ya kukopa. Nadhani hakukuambia kwa sababu alikuonea huruma. Mama zetu wengi wako hivyo, wanatuficha mzigo mpaka unapowaangukia.

Hao wa simu, angalia kwanza kama wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali chake. Deni lenyewe lilipe, ila wakikupigia ofisini na kukutangaza kwa watu, hifadhi ujumbe na namba zote na upeleke malalamiko Benki Kuu na polisi. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukudhalilisha. Na baada ya hapo futa kabisa hizo programu kwenye simu yako.

Jambo la pili linamhusu mama tu. Muulize kama anakatwa NSSF. Akisema ndiyo, nenda naye ofisi ya NSSF ukaangalie taarifa ya michango yake mwezi kwa mwezi, kwa sababu wako waajiri wanaokata na hawapeleki. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180. Kama kuna pengo, ni afadhali mlijue leo akiwa bado na nguvu na mashahidi wapo, kuliko kuligundua siku anaambiwa aondoke kambini. Wewe ni mhasibu, karatasi hizo utazisoma vizuri kuliko mtu yeyote wa pale, na huo ni msaada mkubwa kuliko elfu hamsini ya M-Pesa.

Mdogo wako. Bodaboda ya mkataba namwelewa kwa nini anaitaka, inaonekana kama kazi inayoanza kesho. Lakini hesabu ya elfu kumi kwa siku ni 300,000 kwa mwezi, jua liwake mvua inyeshe, na mguu ule ulishavunjika mara moja. Akikosa siku tatu mwenye pikipiki anaichukua, na yote aliyolipa yamekwenda. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya ufundi vya serikali, VETA, ni 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Kuna vifaa na nauli juu yake, sikatai, lakini mwaka mzima wa VETA bado hauzidi miezi miwili ya hesabu ya pikipiki. Mwambie utamlipia ufundi atakaouchagua mwenyewe: umeme wa magari, uchomeleaji, ushonaji, chochote. Akikataa, hapo atakuwa amekataa yeye. Atanuna. Mwache anune, ataongea.

Madeni yakiisha, pesa uliyokuwa unalipia usiirudishe kwenye matumizi. Hapa ndipo nataka uwe mgumu kuliko mahali pengine popote. Kama kazini kuna SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, jiunge, akiba ikatwe kabla hujaiona. Kama hakuna, tafuta VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, yenye katiba na daftari linalosomwa mbele ya wote. Lengo liwe moja tu: kiwanja au shamba lenye jina lako, au la mama, au yenu wote wawili. Si Dar kwanza. Tafuteni kwenye vijiji vya jirani na kambi, nje ya mpaka wa shamba, mahali ambapo mama ana watu anaowajua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki, na hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa kupitia serikali ya kijiji. Usinunue kwa karatasi ya daftari mliyoandikishana chini ya mwembe. Nenda ofisi ya kijiji, uliza kama eneo lina mgogoro, waite majirani wa mipaka yote minne waonyeshe kwa miguu mpaka unapopita, halafu ndipo utoe pesa.

Na kwa kuwa mama anaujua mkonge kuliko anavyojijua mwenyewe, ulizeni pia kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika, za wakulima wadogo wa mkonge huko Korogwe. Magoma, Mwelya, Hale na Ngombezi wapo wakulima wanaokata majani ya mashamba yao. Mkonge unahitaji kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo si pesa ya haraka, na msiingize humo akiba yote. Lakini natamani sana, mwanangu, nikuambie ukweli, mtu wa familia hiyo aje akate jani ambalo ni lake.

Nimeacha posa mwisho kwa sababu najua ndiyo uliyoiandika kwa mkono unaotetemeka.

Usikodi nyumba. Fikiria kidogo tu siku yenyewe: mjomba anaulizwa choo kiko wapi naye hajui. Mshenga anamsalimia jirani, jirani anasema hawa si wa hapa. Na hata ikipita salama, utaolewa halafu mama yako atakuja kukutembelea akiwa na simulizi la nyumba asiyoijua, na watoto wako watataka kwenda kwa bibi. Utawapeleka wapi? Utakuwa umemwondoa mama yako kwenye maisha yako kwa mkopo mwingine, na mwanamke yule ameanika singa juani miaka yote hiyo ili wewe usome.

Mwambie mchumba wako wiki hii, kabla wazazi wake hawajapanga tarehe. Usimwambie kwa kujitetea. Mwambie: nilikudanganya kuhusu kwetu kwa sababu niliona aibu, kwetu ni kambini, mama yangu ni kibarua wa mkonge, nina madeni haya, na mpango wangu ni huu. Mwonyeshe na hesabu. Kisha mchukue Jumamosi moja mwende wote wawili, bila wazee, akae kwenye kile chumba, anywe chai ya mama. Akirudi kimya, mpe siku chache, kuna watu wanahitaji muda kumeza mambo. Akianza kumwonea mama yako aibu, utakuwa umejua kabla ya mahari, na hilo litakuumiza lakini halitakuvunja.

Akikubali, mkubaliane mapema mambo mawili ambayo hugombanisha nyumba nyingi za vijana wetu. Kwanza, kiasi kitakachokwenda Korogwe kila mwezi kijulikane kwa wote wawili, kiandikwe, kisiwe siri yako. Pili, kama kuna kiwanja anachopewa na baba yake, usijione umefika. Hicho ni chake. Cha kwako na cha mama yako kiendelee kama tulivyosema.

Posa ipokelewe kambini. Wakopeni majirani viti, pikeni pilau ya kutosha watu wenu, mjomba azungumze kwa heshima kama mjomba. Sendofu na kitchen party za mamilioni muwaachie wenye nazo, na kamati ikianza kukuandikia bajeti waambie kiwango chako ni hiki na hakitapanda. Kama ukweni wakihitaji ukumbi mkubwa, harusi ni ya kwao, wataugharimia wao.

Jumatatu omba ruhusa ya siku mbili kazini. Moja ya mama na NSSF, moja ya kukaa naye na daftari la kikundi mbele yenu.